Kwa Nini Supu na Tambi Hatuzitii Chombo Kimoja

Malalamiko yanayorudi kila wiki katika mkahawa wetu hapa Mpendae, Zanzibar, si ya ladha, ni ya vyombo. Mteja anaagiza bakuli moja la tambi za supu ya ng'ombe la kuchukua nyumbani, anakabidhiwa vyombo viwili, kimoja cha tambi na kimoja cha supu, kisha anaona shilingi 1,000 zimeongezwa juu ya bei ya chakula, yaani 500 kwa kila chombo. Hivi karibuni mzee mmoja aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Mwanangu, nimenunua chakula au nimenunua makopo?" Alilipa, lakini aliondoka akiwa na yakini kwamba amedhulumiwa, na neno hilo si jepesi kwa mtu anayeuza chakula. Nimeona ni haki niandike kwa utulivu yale ambayo saa ya magharibi, watu wakiwa wamejaa kaunta, hayaelezeki.

Tambi zetu si zile za pakiti ambazo majumbani mwetu hupikwa kwa sukari, nazi na iliki wakati wa futari. Zile ni kavu, zimetengenezwa zistahamili, na ukizipika alasiri utazila usiku bila ya kuona tofauti kubwa. Hizi zinavutwa kwa mkono papo hapo, kwa mtindo wa Lanzhou, mji mkuu wa mkoa wa Gansu kaskazini-magharibi mwa China, ambako upishi wa tambi za ng'ombe uko zaidi mikononi mwa Waislamu wa kabila la Hui. Mume wangu alizijua Guangzhou, mji wa kusini mwa China, alipokuwa akifuata bidhaa, kwani mfanyabiashara wetu akifika kule hutafuta kwanza pa kula chakula cha halali, na mikahawa ya tambi ya Waislamu hao, wengi wao wakiwa wenyeji wa Hualong katika mkoa wa Qinghai, haikosekani karibu. Basi wanaouliza kila siku kama kuna nguruwe jikoni mwetu nadhani wamejibiwa. Hakuna, wala pombe ya mchele haitiwi.

Donge linakandwa kwa unga wa ngano, maji na chumvi, halafu linatiwa kiasi kidogo cha alkali ifanyayo kazi kama ya magadi. Kule Lanzhou tangu zamani walitumia majivu ya mmea wa nyikani yaitwayo penghui. Alkali hiyo ndiyo inayolifanya donge livutike bila ya kukatika na kulipa ule umanjano kidogo. Likishapumzishwa na kupakwa mafuta, mpishi hulivuta urefu wa mikono yake, akalikunja, akalivuta tena. Akikunja mara saba anapata nyuzi 128, na mara nane ni 256, nyembamba kiasi cha uzi wa kushonea mkeka. Nyuzi hizo hukaa kwenye maji yanayochemka kwa muda usiofika hata dakika moja. Zikizidi hapo zimeharibika, na mpishi anayejiheshimu huzimwaga.

Sasa mteja anapotaka tambi hizo zitumbukizwe ndani ya supu ya moto, zifunikwe, zifungwe nyuma ya bodaboda mpaka Bububu au Fuoni, maana yake ni kwamba anataka ziendelee kupikwa njia nzima. Unga unaendelea kunywa supu, nyuzi zinavimba na kushikana, na akifika anakuta chombo hakina supu, kina kitu kizito kilichokaa kama bokoboko. Hapo ndipo simu inapopigwa: supu mmetupunja. Hatukupunja, supu yote imo ndani ya tambi.

Ramadhani ndiyo mwezi wa msiba huu. Kijana mmoja alikuja baada ya sala ya alasiri, akaagiza mabakuli sita ya tambi nyembamba kwa ajili ya futari ya kwao, akakataa katakata kulipia vyombo vya supu. Tulimweleza, akasema yeye si mgeni wa chakula hiki. Nilimwandikia kwenye risiti yake "mteja ameomba vichanganywe", jambo ambalo lilimchekesha. Baada ya tarawehe alirudi na chombo kimoja mkononi, akakigeuza juu chini mbele yangu, na tambi hazikudondoka. Aliokoa shilingi 3,000, na chakula cha shilingi 54,000 hakikulika. Fedha sikumrudishia, na leo pia nisingemrudishia.

Wapo wanaosema, basi supu itieni kwenye mfuko, mfuko hauna gharama. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku hapa Zanzibar tangu 2006, na hata isingepigwa marufuku, supu inayotoka jikoni ikichemka haina haki ya kutiwa kwenye plastiki laini. Vyombo vyetu vina kifuniko kinachobana na vinastahamili moto, tunavinunua kwa jumla, na shilingi 500 ndiyo bei tunayovipatia. Hatupati faida hapo hata ya thumuni.

Na kwa kuwa tumegusa bei, bakuli la shilingi 9,000 limeshanenwa sana. Atakayelilinganisha na bakuli la urojo ana haki ya kula urojo, nami pia naupenda, lakini ni kazi mbili tofauti. Mifupa na nyama ya muundi tunazinunua asubuhi, tunazitoa damu kwa maji baridi, na zinakaa kwenye moto mdogo usiku kucha pamoja na tangawizi, mdalasini, pilipili manga na karafuu mbili tatu tu, kwa sababu karafuu ikizidi supu inakuwa dawa ya meno. Povu huenguliwa kila mara, ndipo supu itoke safi mpaka uione figili iliyo chini ya bakuli. Mtu anayechemsha supu yake haraka kwa moto mkali atapata supu nyeupe ya mavumbi, na ataiuza rahisi.

Lalamiko la pili, dogo kuliko hilo, ni la jiaozi, ambazo wateja wengi huziagiza kwa jina la sambusa za kuchemsha. Tunaziuza mbichi zikiwa zimegandishwa, na maelezo tumeyabandika kwenye pakiti, lakini hayasomwi. Bibi mmoja alituletea pakiti nzima iliyokuwa donge moja, manda yamechanika, kima kimetoka nje, akasema tumemuuzia za jana. Nilipomuuliza, alisema alizitoa kwenye friza asubuhi ziyayuke, ili jioni ziive haraka asitumie gesi nyingi. Kabichi iliyomo tunaitia chumvi na kuikamua kwa mkono kabla ya kuichanganya na kima, lakini maji hayaishi yote. Jiaozi ikiyayuka, maji hayo yanalowesha manda kutoka ndani, nayo yanashika chochote yanachokigusa. Zitoke kwenye friza ziingie moja kwa moja kwenye maji mengi yanayochemka, zikorogwe taratibu kwa mgongo wa upawa zisishike chini, na maji yakichemka tena utie kikombe cha maji baridi. Fanya hivyo mara tatu. Maji baridi yanatuliza mchemko ili kilicho ndani kiive kabla manda hayajapasuka. Umeme ukikatika na pakiti ikayayuka, zipike zote saa hiyo hiyo, hata kama hamna njaa, wala usizirudishe kwenye friza.

Turudi kwenye tambi. Anayekaa mbali namshauri achague zile pana, ambazo zinastahamili safari kuliko nyembamba, na akifika aipashe supu mpaka ichemke kabisa ndipo aitie tambi, wala si kinyume chake. Zikiwa zimeshikana, kijiko kimoja cha supu kinatosha kuziachanisha. Kotmiri na pilipili ya mafuta tunazifunga pembeni, hizo hatuzitozi.

Asiyetaka kulipia vyombo aje na vyake. Hotipoti ya nyumbani inafaa sana kwa tambi, na chupa ya chai inafaa kwa supu kuliko chombo chochote tunachouza, kwa kuwa inafika ikiwa bado inatoa moshi. Tunachoomba ni chupa ioshwe kwa maji ya moto kabla ya kuletwa, maana tumeshalaumiwa kwamba supu yetu inanukia chai ya maziwa. Anayeagiza kwa simu aseme saa atakayofika, kwani tambi zake zitavutwa akishafika mlangoni, si kabla, na hapo atasubiri kama dakika kumi.