Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: tuanze na tenga, chumba cha baridi kifuate

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.

Ninakuandikia kutoka Ilula, wilayani Kilolo, ambako nyanya ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kila anayepita barabara ya Morogoro kwenda Iringa anazijua nyanya zetu, zimepangwa kwenye ndoo na sado kando ya lami. Leo naomba nizungumzie zile zinazopanda lori kwenda Dar es Salaam.

Upotevu wa mboga na matunda ukijadiliwa, kinachotajwa kwanza ni vyumba vya baridi na viwanda vya kusindika. Naviunga mkono vyote. Ombi langu ni kwamba fedha ya kwanza iende pale nyanya inapoanza kuharibika, yaani shambani, katika saa chache baada ya kuchumwa, na ndani ya tenga.

Tenga letu ni la mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari, zenye kingo za kukata, ndani tunatandika nyasi. Linajazwa mpaka kufanya kilima juu, kisha linafungwa kwa nguvu. Nyanya ya chini inabeba uzito wa zote zilizo juu yake, na tenga jingine likipandishwa, uzito wa tenga zima unaishia kwenye nyanya badala ya kuishia kwenye mbao. Hapo lori halijawashwa. Halafu literemke Kitonga, lipite Mikumi na Morogoro, zaidi ya kilomita 400 mpaka soko la Ilala. Nyanya iliyopasuka inalowesha jirani yake, ukungu unaingia kwenye jeraha, na kinachoshushwa asubuhi sehemu yake imeshakuwa masalo, yaani nyanya mbovu za kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo dalali haibebi. Inapanda tena barabara ileile mpaka kwa mkulima, kwa jina la bei.

Tenga lina uovu mwingine: ndilo kipimo. Mnunuzi halipi kwa kilo, analipa kwa tenga, kwa hiyo kila nyanya atakayoishindilia ni faida yake. Tumepiga kelele nyingi kuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ya viazi na vitunguu, na kelele hizo ni za haki. Kwenye nyanya, kilima cha juu ya tenga ni wizi na pia ni uharibifu, kwa sababu nyanya za nyongeza ndizo zinazoponda zilizo chini. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo. Najua Wakala wa Vipimo hauko chini ya wizara yako. Nakuomba ukae na mwenzako wa Viwanda na Biashara mkubaliane kwamba nyanya iuzwe kwa kilo, ndani ya kreti la plastiki la ujazo mmoja unaojulikana, na mizani iwe pale pale mzigo unapopakiwa.

Kreti si jambo jipya, na wakulima tumefundishwa uzuri wake kwenye semina zaidi ya mara moja. Kinachokwamisha ni safari ya kurudi. Tenga ni la bei ndogo, likifika sokoni halimuumizi mtu kichwa. Kreti ni la bei kubwa, na likifika Ilala nani analirudisha Ilula? Lori linalopanda huku linataka kubeba saruji na bidhaa za dukani, halitaki kubeba hewa. Ndiyo maana kreti za kugawiwa bure huishia kuwa viti na vyombo vya kuhifadhia nguo. Jawabu lipo, na nchi hii inalifahamu vizuri: kreti za soda zimezunguka mpaka vijijini kwa sababu kila anayelishika kreti ameweka amana, na anaipata akirudisha. Tufanye hivyo hivyo. Zinunuliwe kreti za aina inayopangika vizuri ikijaa na kuingiana ikiwa tupu, ili lori moja libebe nyingi wakati wa kurudi. Vikundi vya vijana na wanawake vipewe sehemu ya ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, viwe ndivyo vinavyozimiliki, kuzikodisha na kuziosha kwa maji yenye klorini, kikundi kimoja Ilula na kingine Ilala.

La pili ni kivuli. Nyanya ikichumwa haijafa. Inaendelea kupumua, na kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Mzigo uliochumwa saa saba mchana na kuachwa juani ukisubiri lori unazeeka mbele ya macho yetu. Kuchuma alfajiri, kuondoa kikonyo kisitoboe nyanya nyingine, kuchagua zilizopasuka kabla ya kufunga, na kuweka mzigo chini ya banda la nyasi: haya hayahitaji umeme. Yanahitaji banda moja kila mahali lori linapopakilia, na afisa ugani ambaye kazi yake haimaliziki siku ya mavuno.

Baridi ije baada ya hapo, na ije kwa utaalamu. Kabichi na karoti hukaa vizuri kwenye nyuzi zinazokaribia sifuri. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 inaumizwa na baridi yenyewe: haiivi sawasawa, inakosa ladha na inaoza haraka ikitolewa. Ndizi mbichi nayo inataka kama nyuzi 13. Chumba kimoja kilichowekwa nyuzi 4 kwa ajili ya mazao yote kitamharibia mkulima nyanya kwa gharama kubwa. Na hakuna chumba kinachoponya nyanya iliyokwisha kupondwa na tenga.

Mheshimiwa, viongozi wa Afrika waliahidi kule Malabo mwaka 2014 kupunguza upotevu baada ya mavuno kwa nusu kufikia mwaka 2025. Taifa letu lina mkakati wake wa usimamizi wa mazao baada ya kuvuna wa 2019 hadi 2029. Muda uliobaki kwenye mkakati huo ni mfupi, ila unatosha kwa njia moja ya majaribio, Ilula hadi Ilala, kwa msimu mmoja. Malori kadhaa yabebe kreti na mengine yabebe tenga kama kawaida, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Tengeru, na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wapime kilo zilizopakiwa na kilo zilizouzwa, na matokeo yabandikwe kwenye masoko yote mawili ili mkulima na mfanyabiashara wayasome wenyewe.

Tunaomba jibu kabla ya kusia mbegu za msimu ujao, ili vikundi vijiandikishe mapema.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa nyanya, Ilula, Iringa.