Kumtafuta Babu kwa Jina la Mlowezi

Nairobi

Mpendwa rafiki yangu Barasa,

Pokea salamu zangu na za wote walioko nyumbani kwangu. Barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini, hasa pale unapolalamika kwamba umepekua kila mahali ukitafuta habari za babu yenu, yule aliyetoka Bungoma akaenda kufanya kazi katika shamba la mzungu huko Trans Nzoia, na hukuona hata mstari mmoja unaomtaja. Sikushangaa. Makarani wa enzi ile waliandika jina la mwenye shamba na ekari zake, lakini wafanyakazi waliwahesabu tu kwa jumla. Kwa hiyo shauri langu, ingawa huenda lisikupendeze, ni kwamba umwache mzee kwa muda na umtafute kwanza mlowezi. Ukishajua mzungu huyo alifika lini, alipewa ardhi ipi na aliiuza kwa nani, utakuwa na miaka na mipaka ya kumweka babu yako ndani yake.

Kabla ya kugusa nyaraka, kaa na shangazi yako. Hilo jina la "Bwana Kifimbo" mnalomwita mzungu huyo ni la kupanga, nalo hutaliona kwenye karatasi yoyote ya serikali. Muulize shamba lilipakana na mto gani, na kama mwenyewe alikuwa Mwingereza au Kaburu. Swali hili la pili lina uzito kuliko unavyodhani. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, wakatua Uasin Gishu, na wengi wa kizazi chao waliondoka kuelekea Afrika Kusini uhuru ulipokaribia. Ukoo wa namna hiyo utaufuatia huko. Trans Nzoia, kwa upande wake, ilijaa walowezi hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kupitia mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Uingereza. Kura ya kugawa mashamba hayo ilipigwa hapa Nairobi katika ukumbi wa Theatre Royal, lile jengo lililokuja kuwa sinema ya Cameo. Kila nipitapo Kenyatta Avenue huwa nawaza kwamba mtu aliingia pale mikono mitupu akatoka na shamba, na waliokuwa wakichunga ng'ombe wao juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa lolote.

Ikiwa Bwana Kifimbo alikuwa mmoja wa wanajeshi hao, basi una bahati, kwa maana jeshi hutunza karatasi. Faili za maofisa wa vita ile ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, pamoja na orodha za abiria waliosafiri kwa meli kutoka bandari za Uingereza kati ya mwaka 1890 na 1960, na nyingi za orodha hizo sasa husomeka kwenye intaneti. Lakini usikimbilie Kew kabla ya kumaliza ya hapa. Katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, kwenye Moi Avenue, utakuta ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya na zile walizoandikiana wakati wa kukabidhiana ofisi. Njoo na kitambulisho na penseli.

Mimi, hata hivyo, napenda kuanzia Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1899. Humo zimo orodha za wapiga kura Wazungu, waliofanya uchaguzi wao wa kwanza mwaka 1920 (Waafrika walingoja hadi 1957), na zimo matangazo ya mirathi, ambayo kwa kazi yetu ni dhahabu. Tangazo lenyewe ni fupi, la herufi ndogo, likiwataka wote wanaomdai marehemu wapeleke madai yao kabla ya tarehe fulani. Lakini katika mistari hiyo michache unapata jina lake kamili, mahali alipoishi, siku aliyofariki na mara nyingi wakili au jamaa aliyeachiwa mali. Kutoka kwa jamaa huyo ndipo ukoo unapoanza kufunguka.

Kuna mtego mmoja. Mzungu anayekumbukwa na familia yenu si lazima awe ndiye aliyefyeka msitu. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999, lakini wengi hawakudumu hata 15: nzige na kuporomoka kwa bei ya mahindi baada ya 1929 viliwafilisi, na hata Benki ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1931 haikuwaokoa wote. Kwa sababu hiyo, ukipata nambari ya L.R. ya shamba, yaani nambari yake ya usajili wa ardhi, nenda Ardhi House, ofisi za ardhi za serikali hapa Nairobi, uombe mfululizo mzima wa waliolimiliki, kuanzia wa kwanza hadi yule aliyeliuza wakati wa uhuru, kisha ulinganishe miaka yao na umri wa baba yako.

Hapo ndipo utakaporudi kwa babu. Kuanzia mwaka 1920 hivi alilazimika kuvaa kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na katika karatasi ile kila mwajiri alitia saini ya kumpokea na kumwachilia. Uliza kama kuna mjomba aliyekificha sandukuni. Na kama alikuwa skwota, yaani mfanyakazi aliyeruhusiwa kuishi katika shamba la mzungu, mwenye ng'ombe wake, sheria ya mwaka 1918 ilimdai kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka, kwa mkataba.

Ukiwapata wajukuu wa mlowezi, waandikie kwa adabu na uwaombe daftari za mishahara na picha. Wengi hujibu vizuri. Watakusimulia pia kwamba babu yao alikuta nchi tupu. Hilo lisome kwa tahadhari, kisha uendelee na daftari.

Sasa nifanyie jambo moja. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 na Kitale mwaka 1926. Muulize shangazi kama mzee aliwahi kusimulia kupeleka mahindi ya bwana wake stesheni kwa gari la ng'ombe, na kama alitaja Eldoret au Kitale. Nijulishe mapema, kwa maana wiki ijayo nina nafasi ya kushinda kwenye nyaraka, na jibu hilo litaniambia niagize kwanza faili za miaka gani.

Wasalimie watoto na mama yao.

Ni mimi rafiki yako,
Mutua