Barua kuhusu Baba na ile mashine

Somo wangu,

Salamu nyingi. Najua nimekaa kimya mno, hata ujumbe wako wa sikukuu sikuujibu. Nitukane ukishamaliza kusoma. Sisi wazima, ila Baba.

Amelazwa tena, nimonia. Kifua chake unakijua: polio ilimpata utotoni, chanjo ikiwa haijamfikia, mgongo ukapinda na misuli ya kupumulia ikabaki dhaifu. Safari hii daktari alituita pembeni: akizidiwa, tumwekee mashine ya kupumulia au aachwe apumzike? Akaongeza, "maana hata maisha yenyewe, kwa hali yake..." Hakumalizia. Akakitazama kiti cha magurudumu.

Damu ilinichemka, Somo. Hali ipi? Mzee huyu kasomesha watoto, kagombana na kila jirani, na kwenye karata anaiba waziwazi. Maisha yake ndiyo hayo, hajawahi kuwa na mengine. Mwenye nimonia hiyohiyo, aliyeingia kwa miguu yake, angeulizwa vile?

Lakini muuguzi wa zamu ya usiku (mcheshi, ungempenda) alinieleza vizuri kuliko daktari. Mpira wa mashine ukishaingia kooni, mtu mwenye misuli kama ya Baba huenda asiweze kuachishwa mashine tena. Atabaki nao, hasemi. Baba, asiseme! Basi pengine daktari yuko sahihi na sababu zake ndizo mbovu. Au sababu ni nzuri na mdomo ndio mbovu. Hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Kaka kashaamua: kila kitu kifanyike, na atakayesema vingine anataka mirathi. Shangazi anataka tuwaite watu wa tiba shufaa wamtulize maumivu na kule kuhema, mengine ya Mungu. Kaka akisikia mofini, ile dawa kali ya maumivu, anasikia sumu. Nimemwambia ikipimwa sawasawa haimuui mtu, inampa nafuu ya pumzi, wapi! Walirushiana maneno koridoni mpaka mlinzi akaja. Ungecheka, halafu ungelia.

Na wakati wote huo Baba yumo chumbani, asubuhi akili timamu, ananiuliza nani kashinda mechi. Hakuna aliyemuuliza anachotaka yeye. Kaka kakataza, eti tutamkatisha tamaa. Huyu mzee alikata tamaa lini?

Nitamuuliza mimi, kabla ya Jumapili hawajafika wale wengine (unawajua). Haya wewe uliyapitia na mama yako. Ulianzaje? Mlikuwa wawili tu au mbele ya watu? Alikasirika? Na ile mashine ya barakoa, isiyoingia kooni, aliivumilia? Mlimwomba daktari aandike kwenye faili, au mliaminiana kwa mdomo? Je, Baba akinijibu "amueni nyie", ndiyo nifanyeje?

Nipigie hata usiku wa manane. Kaka akipokea, sema unadai vitabu vyako. Si uongo, bado ninavyo.

Somo wako