Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi Zanzibar: tuulinde mkuza wa reli ya Bububu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni abiria wa 502, daladala za kwenda Bububu, kaskazini mwa mji. Hali ya Darajani saa kumi na moja jioni unaijua. Konda anaita "Bububu, Bububu" na gari ishajaa, watoto wa skuli wamebanwa mlangoni na mabegi yao, bi mkubwa mwenye kikapu anaambiwa asubiri ijayo. Ijayo ikifika, nayo imejaa. Halafu tunaanza kutambaa, Kinazini, Gulioni, Mtoni, kila mtu na jasho lake.

Kinachoniuma katika foleni ile ni kwamba upande huu wa mji ulikuwa na reli. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney & Co., ilianzisha gari la moshi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kiasi cha maili 7, kwenye reli za upana wa futi 3. Serikali ikainunua mwaka 1911. Pale Malindi lilipita katikati ya nyumba, na marehemu bibi yangu alipokea kwa wakubwa wake kwamba wakisikia linakuja, kazi ya kwanza ilikuwa kuvuta watoto ndani. Miaka ya 1920 motokaa zikachukua abiria, reli ikabaki kubeba mawe, mwishowe ikang'olewa. Na hiyo haikuwa ya kwanza. Miaka ya 1880 Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwendea kasri la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kabla hakijaletwa kichwa cha mvuke. Anayesema Unguja ni ndogo mno kwa reli amechelewa kidogo.

Siombi gari la moshi lirudi, Mheshimiwa. Ninachoomba ni mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi uliopitiwa na reli, upimwe na ulindwe kabla haujaliwa wote, ili siku serikali itakapokuwa na uwezo wa kuleta tramu ya umeme, yaani treni nyepesi ya mjini, iwe na pa kuipitisha.

Reli haipendi mlima wala kona kali. Waliopima njia ile walitafuta ardhi tambarare na mapindo mapana, na hivyo ndivyo tramu inavyotaka hadi leo. Kazi ya kuitafuta njia walishaifanya wenzetu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi tunaitupa, kisha tunalipa washauri waitafute upya.

Najua utaniuliza mkuza wenyewe uko wapi. Karne si mchezo, na barabara na makazi vimekula vingi. Lakini palipo barabara, ardhi bado ni ya umma. Palipo kiwanja au kichaka, panawezekana. Palipo nyumba ya mtu, tupazunguke, maana sitaki barua hii iwe kisingizio cha kumchorea mtu alama nyekundu ukutani. Wala sisemi tramu iingie hadi Ngome Kongwe. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na vichochoro vyake vina mzigo wa kutosha. Ianzie Darajani au Kinazini.

Wako waliokwishafanya hivi. Croydon, kusini mwa London, walikuwa na reli ya zamani ya kwenda Wimbledon. Treni zake zilisimamishwa mwaka 1997, na mwaka 2000 tramu zikaanza kupita palepale. Linalonivutia zaidi ni kwamba vipande vya njia hiyo ni vya reli moja tu, na tramu zinapishana kwenye sehemu zilizotengwa, moja ikingoja nyingine. Kwa hiyo wembamba wa ardhi si sababu ya kukata tamaa. Tramu moja ya kule inachukua abiria zaidi ya 200. Hebu hesabu ni gari ngapi za 502 hizo. Sydney nao walianza mwaka 1997 kwa kuitumia njia ya zamani ya treni za mizigo.

Addis Ababa ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa mazuri na mabaya. Walifungua reli yao nyepesi mwaka 2015, njia 2 zenye kilomita kama 34, na sehemu nyingine ikabidi waipandishe juu ya nguzo. Nguzo ni pesa. Kisha, baada ya miaka michache, treni nyingi zikawa zimelala karakana kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usituletee tramu za kukata utepe. Afadhali tukae miaka 10 na mkuza mtupu uliolindwa kuliko kuwa na mabehewa mazuri yanayoota kutu Mtoni.

Na umeme? Sisi tuliokaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, kisha kama miezi 3 kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, hatuhitaji kukumbushwa kwamba kisiwa hiki kinategemea waya uliolala chini ya bahari. Siku hizi ziko tramu zinazotembea kwa betri na kuchaji vituoni, basi hilo nalo liingie katika hesabu tangu mwanzo.

Nahimiza kwa sababu muda unatubana. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Mji unapanda kaskazini kila mwaka, na bandari ya Mangapwani ikikamilika malori nayo yatateremkia huku huku. Tukipanua barabara tu, tutapata foleni pana zaidi.

Basi nakuomba uwatume wapimaji wa Kamisheni ya Ardhi wakae na ramani za zamani, waitembee njia ile kwa miguu toka Malindi hadi Bububu, na waweke vigingi. Ramani watakayoichora ibandikwe kwenye ofisi za masheha ili kila mtu aione. Na wakati kazi hiyo inaendelea, kusitolewe hati mpya hata moja juu ya ukanda huo, awe ni mwekezaji wa hoteli au ni nani.

Ukitaka kujionea mwenyewe, usije na msafara wa ving'ora. Njoo Darajani saa kumi na moja jioni tupande 502. Nauli yako nitalipa mimi, tukibahatika kupata nafasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Kibweni