Elimu ya sheria ishuke hadi Mahakama ya Mwanzo

Mhariri,

Kila yanapotoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, mjadala ni uleule: wanafunzi wazembe, watahini wakali, Kiingereza kibovu. Mwaka 2022 ulipamba moto zaidi, pale wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu moja kwa moja, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza tatizo hilo chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Naomba nafasi niseme jambo ambalo kelele zile zililifunika: shahada yetu ya sheria inaipita kando Mahakama ya Mwanzo, ile ya ngazi ya chini kabisa, ambayo Mtanzania wa kawaida ndiyo anayoijua.

Chimbuko lake si siri. Zamani aliyetaka uwakili alikwenda London kusomea sheria za Waingereza, akarudi asijue pa kuanzia kwenye kesi ya shamba la ukoo. Kamati ya Lord Denning, jaji wa Uingereza, ikapendekeza wanasheria wa Afrika wafundishwe Afrika, na tarehe 25 Oktoba 1961 kitivo cha sheria kikafunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14. Ndicho kilikuwa kitivo cha kwanza cha chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Udaktari na uhandisi vilisubiri. Lakini shahada ilikuwa bado ya Chuo Kikuu cha London. Mitaala imebadilika mara nyingi tangu hapo, ila macho yamebaki juu, kwenye hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu.

Chukua masomo mawili yanayowatoa wanafunzi jasho, Ushahidi na Mwenendo wa Madai. Sheria ya Ushahidi ya 1967 inasema yenyewe, katika kifungu cha 2, kwamba haitumiki Mahakama ya Mwanzo. Huko ushahidi unaongozwa na kanuni za Tangazo la Serikali Na. 22 la 1964, na madai yanaongozwa na Tangazo Na. 310 la mwaka huohuo. Ni wahitimu wangapi wamewahi kuzishika kanuni hizo mkononi?

Mirathi ndiyo inayoumiza zaidi. Chuoni mwanafunzi anakaririshwa Sheria ya Mirathi, Sura ya 352: msimamizi awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka. Mahakama ya Mwanzo inafuata kanuni zake: maombi yanaletwa kwa Fomu Na. I, orodha ya mali na madeni inajazwa kwenye Fomu Na. V ndani ya miezi minne tangu uteuzi, na hesabu za mgawanyo kwenye Fomu Na. VI. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini lazima uombwe. Kinachotokea ni kwamba mtu akishapata barua ya usimamizi anaenda benki, anauza kiwanja, jalada linabaki wazi miaka na miaka, na warithi wadogo wanakuja kushtuka wakiwa watu wazima. Msimamizi akimwendea mwanasheria mchanga, anaambiwa ana miezi sita!

Kuna na suala la mamlaka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu akiwa alifunga ndoa kanisani na mfumo wake wa maisha haukuwa wa kimila, shauri linaweza kwenda vizuri hadi mwisho, kisha likafutwa lote kwenye rufaa.

Rufaa nayo ina mtego wake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Ila hati ya rufaa hiyo ya pili, kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, hufunguliwa kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi. Msomi aliyezoea vitabu anaipeleka moja kwa moja Mahakama Kuu.

Haya hayafundishwi kwa sababu walimu wenyewe, wengi wao mawakili, hawakuyaishi. Kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu Mahakama ya Mwanzo. Waalikwe basi mahakimu wastaafu. Na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina uzoefu wa kutosha wa kuazima.

Dodoma hatuna kisingizio. Chuo kikuu chenye shahada ya sheria kipo, Makao Makuu ya Mahakama yapo, na Mahakama za Mwanzo za Chamwino, Bahi na Kongwa si mbali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akae huko wiki nane, apewe nakala za majalada yaliyofungwa, majina yakiwa yamefutwa, ajaze fomu zote mwenyewe na aandike sababu za rufaa kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini kuandika hati ya madai kwa Kiswahili bado wengi wanajifunzia kwa mteja. Baraza la Elimu ya Sheria na Tume ya Vyuo Vikuu waliweke hili kuwa sharti mitaala inapoletwa kwao kuidhinishwa, na litahiniwe kwa alama, maana lisilotahiniwa halisomwi.

Wakili wa kujitegemea,
Dodoma