Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kuzalisha kondoo

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umepata kibarua cha msimu wa kondoo kuzaa kwenye milima ya Cheviot, mpakani mwa Uingereza na Scotland, na kwamba umepangwa zamu ya usiku. Uliposema kwamba kwetu kondoo huzaa bila mtu kukesha nao, ulisema kweli. Kondoo wetu wekundu wa Kimasai hupata mimba mwezi wowote, kwa kuwa karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo leo huzaa huyu na wiki ijayo yule. Huko uendako majike huhitaji dume siku zinapoanza kufupika, madume huachiwa wakati wa vuli, na kwa kuwa mimba huchukua siku 147 hivi, mamia ya kondoo huzaa ndani ya wiki chache tu, wakati baridi bado haijaachia.

Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kutazama. Kondoo aliyekaribia kuzaa hujitenga, huparua majani kwa kwato, hulala, husimama, hulala tena, na kibarua mgeni huyaona hayo akaharakisha kuingiza mkono. Mwache. Chupa ikishapasuka, ukaona kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, mama atamaliza mwenyewe. Ukiona kichwa bila miguu, au mkia peke yake, au saa nzima imepita akisukuma bila kitu kutokea, hapo ndipo unanawa hadi kiwikoni, unavaa glavu na kupaka kilainishi. Wakiwa pacha, usivute mguu wowote kabla hujaufuata kwa vidole kutoka kwatoni hadi begani, na kutoka begani hadi kichwani, maana mguu wa kulia unaweza kuwa wa mmoja na wa kushoto wa mwenzake. Ukiona huelewi unachokigusa, mwamshe mwenye shamba. Vibarua wengi huona haya kumwamsha mzee wa watu saa tisa za usiku, na haya hiyo imeua kondoo wengi.

Mtoto akishatoka, mfute pua, chovya kitovu katika iodini, kisha kamua kidogo kila chuchu ya mama ili kizibo chake kitoke, na uhakikishe mtoto amepata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa mbili za kwanza. Mwenye kilo 4 anahitaji mililita 200 hivi kwa mlo huo. Aliye dhaifu hunyweshwa kwa mrija hadi tumboni, lakini asiyeweza kuinua kichwa asinyweshwe kabisa, kwa sababu maziwa yataingia mapafuni. Mtie kidole mdomoni. Ukisikia ubaridi, mpime joto. Kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Aliyeshuka chini ya 37 na ana zaidi ya saa tano tangu azaliwe huwa amemaliza akiba yake ya nguvu, hivyo huchomwa glukosi kabla ya kupashwa joto. Ukianza na joto, anaweza kupata degedege akafa mikononi mwako. Sindano hiyo waachie wenyeji mpaka wakufundishe.

Pengine utaona pia mwanakondoo aliyekufa akichunwa, na ngozi yake akavalishwa yatima kama fulana, ili mama aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe na kumkubali mgeni. Usishangae sana, mara nyingi hufanikiwa.

Kubwa kuliko yote ni wifi yangu, ambaye ni mjamzito. Kondoo wanaozaa, na hasa wanaotupa mimba, wanaweza kubeba vimelea vya toksoplasma na klamidia vinavyoharibu mimba ya binadamu. Asije shambani hata kwa matembezi, usimletee wanakondoo yatima kuwalea jikoni, na nguo zako za kazi ufue wewe mwenyewe huko huko. Buti ziache shambani, uoge, ndipo urudi nyumbani.

Dada yako