Prosesa ya zamani iongezwe kasi, isimwagiwe volteji

Ndugu Mhariri,

Wengi bado wanatumia kompyuta za mezani za mwaka 2011 na 2012, na wakiuliza namna ya kuzipandisha kasi huambiwa waongeze volteji kwanza, mengine baadaye. Kwa nyongeza ya wastani ushauri huo unazalisha joto tu. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa kutumia Intel Core i5-2500K, prosesa iliyotoka Januari 2011 na ambayo haijaisha hamu kwa wapenda michezo ya kompyuta.

Tuanze na wasiohusika. Herufi K mwishoni mwa jina ndiyo inayoonyesha kwamba kizidisho (namba inayozidishwa na saa ya msingi ya megahezi 100 kupata kasi) kimefunguliwa, na mazabodi, yaani bodi kuu, nayo iwe ya chipseti (chipu zinazoiongoza) inayoruhusu jambo hili, kama P67, Z68 au Z77. Mashine za ofisini zinazoingia kwetu kama mtumba, mathalani Dell OptiPlex 790 yenye i5-2400, hazina pa kugusa. Mwenye nayo apulize vumbi, abadilishe pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na afunge SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Anayemwahidi zaidi ya hapo anataka hela yake.

Kori (viini vya kufanyia kazi) zote nne za 2500K zikifanya kazi pamoja hukimbia gigahezi 3.4. Kuzifikisha 4.2 ni nyongeza ya karibu asilimia 24. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba wake: ukitoka volti 1.20 kwenda 1.35 kwa kasi ileile, joto linaongezeka zaidi ya robo na hupati chochote. Volti hizo za ziada mara nyingi hutoka kwenye neno Auto lililoachwa penye mpangilio wa volteji. Mazabodi ikiona kizidisho kimepanda, hujipa akiba kubwa ili hata prosesa dhaifu kuliko zote iwake. Yako huenda haihitaji akiba hiyo.

Kabla ya kugusa lolote, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, kwa sababu prosesa inayoyumba inaweza kuharibu Windows. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha weka kizidisho 40 kwa kori zote. Basi klok, ile saa ya msingi, iache kwenye 100. Ukiipandisha unavuta na mawasiliano ya diski na kadi ya picha. Volteji ya kori iandike kwa mkono, 1.200. Internal PLL Overvoltage izime: ni ya wanaotafuta kasi za juu sana, na huleta kero ya mashine kutoamka ikilala. LLC (Load-Line Calibration, inayoshikilia volteji mzigo unapobadilika) iwe ngazi ya kati. Ikiwa chini mno volteji hudondoka mzigo ukiingia, na ikiwa juu mno huruka kupita kiasi mzigo unapoachiliwa.

Washa Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa mzigo mzito, toleo la 27 au la baadaye kwa saa moja, huku HWiNFO ikionyesha joto. Kama ni Windows 7, iwe na Service Pack 1, la sivyo maagizo ya AVX (ya hesabu nzito za prosesa) hayatumiki na mtihani unakuwa mwepesi. Ukifaulu, punguza volti 0.01 na urudie, mpaka ianguke. Hapo rudisha 0.02 au 0.03 na ubaki hapo. Ndipo upande 41, halafu 42, ukiongeza volteji kidogo tu pale inapodai. Ikifika mahali hatua moja ya kizidisho inataka volti 0.05, rudi nyuma, faida imekwisha.

Dalili za volteji pungufu zijue. Skrini ya buluu yenye 0x124 au 0x101 ni ya wazi. Iliyojificha ni WHEA-Logger namba 19 ndani ya Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows): prosesa ilikosea, ikajisahihisha, na wewe hukuona kitu. Hiyo nayo ni kushindwa. Kama mashine haiwaki kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 dakika chache, uirudishe.

Kasi ikishatulia, wengi huhamia Offset (kujumlisha au kutoa kidogo kwenye volteji ya prosesa yenyewe, badala ya namba moja ya kudumu) ili volteji ishuke mashine inapopumzika. Ni vizuri, ila ukitumia offset hasi inapunguza hata ile volteji ndogo ya mapumziko. Ndiyo maana mashine hufaulu saa nzima ya Prime95, kisha ikaganda mtu akiwa anasoma barua pepe. Kwa hiyo iache pia iwake bila kazi usiku mmoja kabla ya kuiamini.

Kuhusu joto, kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 98, lakini mimi nisingevuka 80 kwenye mtihani. Vipimo vya Ulaya vinavyonakiliwa huku hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kidogo. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari bila kiyoyozi kikiwa 32, ongeza tofauti hiyo karibu yote. Feni ndogo iliyokuja na boksi haitoshi kwa 4.2, tafuta kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120. Pesti ni tone la ukubwa wa punje ya mchele, katikati. Gazeti likichapa tena jedwali la joto la prosesa, tunaomba liandike na joto la chumba pembeni.

Fundi kompyuta,
Dar es Salaam